Kesho Hakuna Kengele

Hotuba ya mgeni rasmi katika mahafali ya chuo cha ufundi stadi, mkoani Tanga

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliotoka karibu na mbali, na ninyi wahitimu ambao ndio wenye shughuli: itifaki imezingatiwa. Naomba niingie moja kwa moja kwenye nililonalo, kwa kuwa mwalimu wa zamu amenipa dakika 25 na nimemwona ameshika saa.

Nimefundisha kwa miaka 36, na katika miaka hiyo yote kengele ndiyo iliyonipangia maisha. Ilipogongwa niliingia darasani, ilipogongwa tena nilitoka. Nilikunywa chai kwa kengele, nikala kwa kengele, na hata wakati wa likizo mwili wangu uliamka saa 11 na nusu alfajiri ukisubiri kugongewa. Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa hiyohiyo, nikanyoosha shati, nikalivaa, nikakaa barazani. Ilipofika saa 4 nilikuwa bado nimekaa palepale, chai imepoa, gazeti halijafunguliwa, na mihogo niliyoahidi kuipalilia imezidi kumezwa na majani. Nilikuwa na siku nzima mkononi na sikujua niishike wapi.

Kuanzia kesho nanyi mtakuwa barazani. Hapa chuoni mmeamshwa, mmeitwa majina, mmepangiwa karakana na muda wa kula, na wengi wenu mmekuwa mkiingoja siku ya kuondoka kama mfungwa anavyongoja msamaha. Siwalaumu. Lakini nimeona vijana wenye mikono mizuri kuliko wengi wakipotea ndani ya siku isiyo na kengele, na waliopotea kwa uvivu walikuwa wachache. Waliobaki walipotea kwa sababu siku isiyopangwa na mwenyewe hupangwa na kila apitaye: jirani mwenye shida, rafiki mwenye habari, simu yenye mlio. Jioni mtu anakuwa amechoka kwelikweli, na ukimwuliza amefanya nini, anatazama viganja vyake.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, hotuba yake ilibeba maneno matatu ambayo nchi hii imeyarudia tangu wakati huo: kupanga ni kuchagua. Nchi ilikuwa maskini na mahitaji yalikuwa mengi, barabara, zahanati, shule, viwanda, maji. Na hoja yake ilikuwa kwamba fedha na watu havitoshi kwa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayeamua kujenga hiki ameamua pia, akijua au asijue, kwamba kile kitasubiri. Watu wengi wakiyataja maneno hayo wanadhani yanasifu kupanga. Mimi nayasoma kama onyo. Mpango ambao haujamnyima mwenyewe kitu chochote bado ni orodha ya matamanio, hata kama umepigwa chapa na kutiwa mhuri.

Nilichelewa sana kulielewa hilo, tena nikiwa mtu mzima mwenye cheo. Wakati nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa mjumbe wa kamati 7: ya shule, ya kata, ya chama cha akiba na mikopo, ya kwaya, ya ujenzi wa zahanati, ya mazishi ya mtaa, na nyingine moja ambayo hadi leo sikumbuki ilihusu nini, ila nakumbuka soda zake. Mtu akifika nyumbani akauliza Mwalimu yuko wapi, aliambiwa yuko kikaoni, na mimi nililisikia jibu hilo kama sifa. Jioni moja katikati ya masika mke wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, zile mbegu za mahindi tulizonunua mwezi wa pili ziko wapi. Zilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, hazijafunguliwa. Mvua ilikuwa inapiga bati wakati huo, na hakuna aliyesema neno. Mwaka ule tulikula mahindi ya kununua.

Ndipo nilipochukua daftari dogo la kutia mfukoni na ile kalamu nyekundu ya kusahihishia, na kwa siku 14 nikaandika kila saa nimefanya nini, bila kujipamba na bila kujilaumu. Siku ya 15 nilijumlisha. Vikao vilikuwa vimekula saa 31. Nilipojiuliza vikao hivyo viliamua nini, niliweza kutaja maamuzi 4, na moja kati ya hayo lilikuwa tarehe ya kikao kinachofuata. Saa nyingine 19 zilikuwa chini ya neno "njiani," yaani kwenda na kurudi vikaoni. Ndani ya mwezi mmoja nilijiuzulu kamati 5. Watu walinuna. Mzee mmoja niliyemheshimu alinipita barabarani bila salamu kuanzia mwezi wa saba hadi Krismasi. Nawaambia haya ili msije mkadhani kuchagua ni jambo la bure. Bei yake mara nyingi ni nyuso za watu, na mtu asiyeweza kuvumilia uso ulionuna hawezi kupanga hata siku moja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba msianze na ratiba. Ratiba ni rahisi kuchora. Katika mabweni niliyoyasimamia nimeona ratiba zilizochorwa kwa kalamu za rangi nne, zenye kuamka saa 10 usiku, mazoezi, kujisomea, sala, kufua, vyote vikiwa na dakika zake, na siku ya tatu mwenye ratiba amelala chini yake kama aliyelala chini ya picha ya mtu mwingine. Ilichorwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Anzeni na daftari. Wiki 2 zinatosha. Andikeni siku ilivyokwenda, ndipo mjue mna nini cha kugawa.

Sasa nataka kuwapeleka mtaani kwetu. Wahitimu wa ushonaji mnisikilize kwa makini, na ninyi wa uchomeleaji, umeme na useremala mtafsiri kwa lugha ya karakana zenu.

Yupo fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi alikuwa kama mafundi wengine mnaowajua. Kila mteja alipokelewa, kila kitambaa kiliingia ndani ya kiroba chini ya meza, na kila aliyerudi kuulizia nguo yake aliambiwa, "Njoo kesho." Mwaka mmoja, Idi ilipokaribia, viroba vilikuwa vitatu. Usiku wa kuamkia sikukuu fundi hakulala; alishona kanzu ya mtu kwa kipimo cha mtu mwingine, na asubuhi watoto wa nyumba mbili walikwenda kuswali wakiwa na nguo za mwaka uliopita. Simsengenyi, kwa maana amenisimulia mwenyewe, macho yakiwa chini.

Idi nyingine ilipokaribia, alinunua daftari kubwa la mistari, akatenga ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi, na katika kila ukurasa akapiga kwa rula nafasi 6 tu. Nafasi moja ni nguo moja. Gauni lenye bitana linakula nafasi 2. Mteja akiingia, fundi hafungui tena kiroba, anafungua daftari. Kama ukurasa wa Alhamisi umejaa, anaugeuza na kumwonyesha, mteja anasoma kwa macho yake majina ya waliomtangulia, na hapo ugomvi unakosa pa kuanzia, kwa sababu anayekataa ni karatasi. Nilimwuliza kwa nini nafasi 6, wakati namjua ni mwepesi wa mkono. Akanijibu kwamba siku nzuri anamaliza nguo 8, ila siku nzuri haziji kila siku. Umeme hukatika, sindano huvunjika, mtoto huumwa, na zile nafasi 2 anazoziacha wazi ndizo zinazopokea wageni wa namna hiyo. Nimesikia semina nyingi kuhusu matumizi ya muda, nyingine za kulipiwa, na sijasikia hesabu iliyo bora kuliko hiyo.

Kisha alinionyesha jambo lingine, na hili nalipenda zaidi. Mashine yake ya ovaloki inatumia nyuzi 4. Kubadilisha rangi maana yake ni kuzitoa zote na kuzipitisha upya kwenye matundu yake, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao ukikosewa tundu moja mashine inakata uzi na unaanza tena. Kwa macho ya mtu wa umri wake, kazi hiyo inachukua muda ambao ungetosha kupinda sketi. Zamani alifuata foleni ya wateja: nyeupe, nyeusi, nyeupe tena, kisha bluu, na kila zamu akiinama kupitisha nyuzi. Siku hizi nguo zote nyeusi za siku hiyo zinapita pamoja, kisha nyeupe zote, na mashine inabadilishwa mara 2 badala ya mara 6. Kukata anafanya asubuhi, macho yakiwa mapya na mtaa haujaanza kuja kupiga soga, kwa sababu nguo iliyokosewa kushonwa inafumuliwa, lakini iliyokosewa kukatwa haina dawa. Vifungo na upindo vinangoja alasiri, akiwa amekaa nje kibarazani, mkono ukifanya kazi na mdomo ukiongea na wapita njia.

Akili zetu ni hiyo ovaloki. Kila tunapoacha jambo moja katikati na kushika jingine, tunapitisha nyuzi upya, na hakuna anayetulipa kwa kupitisha nyuzi. Simu inalia, unasema ngoja nisome mara moja. Kusoma kunachukua nusu dakika, kujibu dakika moja, lakini kurudi pale ulipokuwa, kukumbuka ulikuwa unapima upande gani na ulikuwa umefikia sentimita ngapi, hicho ndicho kinachokula asubuhi. Mababu zetu walisema mshika mbili moja humponyoka kabla hakujawa na simu hata moja katika pwani hii. Siwaambii mzitupe simu, kwa kuwa humo ndimo watakamoingilia wateja na malipo. Nawaambia ziwe na saa zake, kama vifungo vya yule fundi. Wakati wa kukata zikae ndani ya droo. Mteja wa kweli atapiga tena.

Watu wa pwani wana hesabu ya siku ambayo naona inatufaa kuliko kalenda ya ukutani. Kwa hesabu hiyo siku mpya huingia jua linapotua. Ndiyo maana mzee wa hapa akikwambia usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaoitangulia Ijumaa, ule ambao ofisini wanauita Alhamisi usiku, na ndiyo maana sote, hata tusiofuata hesabu hiyo, tunasema usiku wa kuamkia Jumatatu. (Na kwa kuwa tumegusa siku, mmewahi kuona kwamba wiki yetu ina tano mbili? Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa jina lake la Kiarabu, ukihesabu kutoka Jumapili. Bado sijakutana na mtu aliyeweza kuitumia hiyo tano ya ziada.)

Kwa hesabu hiyo, kesho yenu inaanza leo saa 12 na kitu jioni. Jua likishatua, kaeni na daftari dakika 10. Andikeni mambo 3 ya siku inayoingia, kisha chagueni moja ambalo, hata mengine yakiharibika yote, hilo litakuwa limefanyika. Andaeni vifaa vyake usiku uleule: wa umeme apange koleo, bisibisi na testa katika mfuko wake, seremala anoe ulimi wa randa, mshonaji atandike kitambaa na chaki mezani. Asubuhi mtu anakuwa na nguvu za kutenda na hana subira ya kuchagua, hasa kabla ya chai. Ukimwachia asubuhi kazi ya kuchagua, atachagua lililo karibu na mkono.

Mtaniambia, Mwalimu, hiyo ni kwa ajili ya kazi, na sisi tumeahidiwa hotuba kuhusu kujiendeleza. Nakubali. Basi tuitazame methali ambayo tumeisema mpaka imechakaa, haba na haba hujaza kibaba. Nadhani imechakaa kwa sababu kizazi chenu hakikukiona kibaba. Kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Kilikuwa na ukingo, na muuzaji na mnunuzi wote wawili waliona kimejaa lini. Tunakumbuka haba na haba, tunasahau ukingo. Kijana ananiambia, "Mwaka huu nitajifunza Kiingereza." Hicho hakina ukingo; unaweza kumimina humo maisha yote. Akisema atasoma kurasa 2 za kitabu fulani kila jioni mpaka kiishe, hapo ameshika kibaba. Kurasa 2 kwa siku ni kurasa 730 kwa mwaka, na hata akikosa siku moja katika kila siku tatu, bado anafikia karibu kurasa 490, ambazo ni nyingi kuliko zinazosomwa na wengi wetu tuliokaa meza kuu.

Mkoa huu una ushahidi wake. Shaaban Robert alizaliwa hapa Tanga mwaka 1909. Aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akihama kutoka idara moja hadi nyingine kama wahamavyo watumishi. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameandika zaidi ya vitabu 20 vya mashairi, hadithi na insha. Hatumkumbuki kwa ushuru alioukagua. Lakini ushuru ulikaguliwa, kila siku ya kazi, na vitabu vikaandikwa katika saa zilizobaki.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wazungumzaji wa mada hii, hasa wanaume wa umri wangu, hulipita mbio. Niliporudia lile daftari langu la siku 14 miaka kadhaa baadaye, nilitafuta ndani yake saa ya kuteka maji, ya kuosha vyombo, ya kumwogesha mtoto, ya kukaa na mgonjwa. Haikuwemo hata moja. Mambo hayo yalifanyika, na hatukulala na njaa wala hatukuvaa nguo chafu. Yalifanywa na mke wangu, mwalimu kama mimi, mwenye vipindi vingi kama vyangu na madaftari mengi ya kusahihisha kama yangu. Nilimwomba naye aandike wiki moja. Aliandika siku 3, akanirudishia kalamu akasema hana nafasi ya kuandika kwamba hana nafasi. Kurasa za siku hizo 3 hazikuwa na mstari mtupu tangu saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku.

Basi nisije nikamwambia mhitimu mwenye mtoto mgongoni, na ninawaona wawili pale mstari wa nyuma, kwamba tatizo lake ni nidhamu. Mipango mingi inayosifiwa imesimama juu ya mikono ya mtu mwingine ambaye hakutajwa. Wazazi, nasema nanyi kwa heshima: anayemlipia binti yake ada ya ushonaji mpaka akapata cheti, kisha akamtaka apike mara tatu kwa siku, ateke maji na kulea wadogo zake wakati kaka zake wamekaa kijiweni, amelima shamba akafungulia mbuzi. Na ninyi vijana wa kiume, katika daftari zenu naomba nione ndoo. Nyumbani kwetu, baada ya zile kurasa 3, maji ya asubuhi yakawa yangu. Nilikuwa mwalimu mkuu na niliogopa kuonekana kisimani. Siku ya kwanza nilikwenda kabla ya mapambazuko, siku ya nne nikaacha kujificha, na siku ya kumi akina mama wakanizoea, wakaanza kunieleza huko kisimani shida za watoto wao shuleni, mambo ambayo kamati ya shule ilikuwa haijawahi kuniambia.

Saa nilizozikomboa kutoka vikaoni sikuzipeleka zote kazini, na nawasihi nanyi msifanye hivyo. Nyingine zilikwenda shambani, na nyingine zilikwenda barazani jioni, mimi na mke wangu, hatufanyi lolote la kuandikwa popote. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anayejisifu kulala saa 4 anakopa, na mwili unadai kwa riba. Hilo halihitaji maneno mengi, waliojaribu wanajua.

Nawaona pia wahitimu wenye mvi, na nimeambiwa yupo mmoja aliyemaliza leo pamoja na mwanawe wa kumzaa. Hongereni. Jirani zetu Kenya walipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, mlango huo uliwafungulia watoto, lakini mwaka 2004 aliingia kupitia mlango huohuo mzee Kimani Maruge, aliyesemekana kuwa na umri wa miaka 84, akaanza darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Eldoret akiwa na kaptura na soksi ndefu za sare. Mwaka 2005 alipanda ndege hadi New York kuzungumzia elimu katika Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009, akiwa bado anajihesabu mwanafunzi.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la utotoni mwangu. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, katika kila pembe ya Tanzania Bara, watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza kipindi pamoja, kusoma kijitabu chake, kujadiliana, kisha kwenda kutenda: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchemsha maji. Waliojiunga walikadiriwa kufikia milioni 2. Nilikuwa na miaka 14, na kwa kuwa wazee wengi wa kikundi chetu hawakujua kusoma, niliitwa chini ya mwembe kuwasomea kijitabu, nikakaa katikati ya watu wazima nikijiona hakimu.

Kulikuwa na mzee mmoja, msemaji mdogo, ambaye nyumba yake haikuwa na choo. Wenzake kila mkutano waliahidi makubwa: choo, jiko jipya, uzio, shimo la takataka, vyote kabla ya mkutano unaofuata. Zamu yake ilipofika alisema, "Wiki hii mimi ni shimo. Kuta tuziongelee wiki ijayo." Watu wakacheka. Mkutano uliofuata, kama ilivyokuwa desturi ya kikundi, tulitembea wote nyumba kwa nyumba kuangalia ahadi, nami nikiwa na kijitabu kwapani. Kwa wengine tuliona vijiti vimechomekwa ardhini kuonyesha mahali ambapo kitu kingekuwa. Kwake tulikuta shimo. Alisimama pembeni yake kimya, jembe mkononi, udongo mwekundu mpaka magotini, akatuacha tuchungulie mmoja mmoja. Wiki iliyofuata zilikuwepo kuta.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini alifanikiwa. Alichagua moja, alilitaja kwa jina lake, aliliwekea siku, na alijua kwamba watu 15 watakuja kuchungulia. Wengi wenu mama zenu wamo katika VICOBA, na mnajua kwamba akiba inayomshinda mtu akiwa peke yake anaiweza akiwa ndani ya kikundi, kwa sababu kila wiki sanduku linafunguliwa mbele ya wote na jina lake linaitwa. Kengele ya chuo ilikuwa shahidi wenu. Kesho haipo, na sioni kitu cha kuweka mahali pake isipokuwa watu.

Mwalimu wa zamu ananionyesha vidole 2. Zinatosha. Naomba kila mhitimu amgeukie aliyekaa kulia kwake na amwambie jambo 1 atakalolifanya kesho, na saa yake. Na aliyeambiwa aandike namba ya simu ya mwenzake, ampigie kesho saa 2 usiku kumwuliza. Wa mwisho wa mstari amgeukie mzazi. Ili nisiwe mtu wa kuagiza tu, naanza mimi: kesho saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali, napalilia mihogo mistari 4, si zaidi, na shahidi wangu ni Mkuu wa Chuo, ambaye namba yangu anayo. Haya, geukeni.